Kiingereza mpakani: Namna ya kumsaidia mtoto kupatanisha kiima na kitenzi

MTU akipaza sauti mjini Busia kwamba "boda boda ameanguka", wapita njia watakimbia kumwinua mwendeshaji. Akisema "boda boda imeanguka", watageuza shingo kuitazama pikipiki. Nomino ni ile ile na huenda tukio ni lile lile, lakini silabi moja mwanzoni mwa kitenzi imetosha kuwajulisha wasikilizaji ni nani, au ni nini, kinachozungumziwa.

Neno lenyewe ni zao la mpaka huu. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 waendeshaji baiskeli wa Busia waliwavusha abiria kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda huku wakinadi "border, border". Kiswahili kililipokea neno hilo, kikalitamka kwa namna yake, kisha kikalipa ngeli mbili: A-WA kwa mtu, I-ZI kwa chombo.

Uhusiano huo baina ya kiima na kitenzi ndio wanasarufi huuita upatanisho wa kisarufi. Somo hilo hilo, likifundishwa kwa Kiingereza, huwatoa jasho watoto wa madarasa ya chini kuanzia Malaba hadi Busia, na aghalabu huwatoa jasho wazazi wao zaidi. Mtoto hurejea nyumbani jioni akiwa na daftari lenye sentensi kumi zenye mapengo. Mzazi, ambaye husoma gazeti la Kiswahili bila kukwama popote, hulitazama na kusema kwamba yeye Kiingereza hakukisoma vya kutosha. Daftari hurudi shuleni kama lilivyokuja.

Makala haya yanamhusu mzazi huyo. Msomaji wa Kiswahili anaufahamu upatanisho kuliko anavyodhani, kwa maana lugha yake inaudai katika kila sentensi, tena kwa ukali ambao Kiingereza kiliuacha karne nyingi zilizopita.

Lugha zinazotangulia

Mtoto wa mpakani haji darasani mikono mitupu. Mji wa Malaba umo Teso Kaskazini, ambako Kiateso ndicho lugha ya nyumba nyingi. Mji wa Busia umo Matayos, katika nchi ya Abakhayo, na ukielekea kusini utawakuta Abamarachi, Abasamia na Abanyala. Kidholuo nacho kinasikika sokoni, na Kiswahili kinawaunganisha wote, wakiwemo wanaovuka kutoka upande wa Uganda.

Majina ya jamii hizi yenyewe ni somo la sarufi. Mtu mmoja ni Omusamia, wengi ni Abasamia. Mtu ni "omundu", watu ni "abandu". Kitenzi hufuata mkondo huo: a- kwa mmoja, ba- kwa wengi, kama vile Kiswahili kinavyosema "analia" na "wanalia".

Kwa Waiteso, mwanamume mmoja ni Etesot na jamii nzima ni Iteso. Kitenzi cha Kiateso kwa kawaida hutangulia kiima chake. Huonyesha nafsi mwanzoni, ilhali wingi wa nafsi ya tatu huutia mwishoni. Kwa hiyo mtoto wa Malaba ana sikio lililozoea kungoja mwisho wa kitenzi, jambo litakalomfaa sana katika Kiingereza.

Mluo ana utaratibu wake. Mtoto analia ni "nyathi ywak", na watoto wanalia ni "nyithindo ywak". Nomino ikishatajwa, kitenzi hakioni haja ya kurudia hesabu. Mtoto wa nyumba hiyo akiandika "the child cry", si kwamba hakuwa makini. Amefuata mantiki ya lugha yake.

Ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi kabla ya kuhamia Kiingereza. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Desturi kongwe ya kumwadhibu mwanafunzi aliyesikika akizungumza lugha ya mama, ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliisimulia katika kitabu chake "Decolonising the Mind" cha mwaka 1986, haikufa na ukoloni. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hasara yake kubwa darasani ni kwamba ilimnyang'anya mtoto kipimo alichokuwa nacho tayari. Aliyekatazwa kulinganisha hana budi kukariri.

'S' inayohama

Kiingereza cha kale kilikuwa na viishio vingi vya vitenzi, kila nafsi na chake. Vikachakaa kimoja baada ya kingine. Biblia ya King James ya mwaka 1611 bado ina "goeth" na "cometh", lakini kiishio "-s", kilichotoka kaskazini mwa Uingereza, kilikuwa tayari kinaenea London na hatimaye kikashinda. Katika wakati uliopo, ndicho kiishio pekee kilichosalia, nacho kinatumiwa na nafsi ya tatu umoja tu.

Basi tunasema "I wait", "you wait", "we wait", "they wait". Lakini kwa dereva mmoja aliyeko kwenye foleni ya malori Malaba tunasema "he waits". Lori lenyewe, "it waits". Mama anayeuza chai kando ya foleni hiyo, "she waits".

Hapa ndipo penye kikwazo kikuu. Mtoto amefundishwa kwamba "-s" ni alama ya wingi: "lorry" moja, "lorries" nyingi. Wiki chache baadaye anaambiwa kwamba "-s" kwenye kitenzi ni alama ya umoja. Herufi ile ile, kazi mbili zinazopingana. Hakuna lugha ya nyumbani iliyomwandaa kwa kinyume hicho, na kila anapoandika "the lorries waits" anafuata akili: wengi huku, wengi kule, kama "malori yanangoja".

Njia nyepesi ya kumweleza ni kwamba kiima na kitenzi wana "-s" moja tu ya kugawana. Ikikaa kwenye nomino, haikai kwenye kitenzi: "The lorries wait." Ikitoka kwenye nomino, inahamia kwenye kitenzi: "The lorry waits." Mwandikie sentensi kwenye karatasi, ukate herufi "s" kwa makasi, kisha umwachie aihamishe mwenyewe.

Kanuni hiyo ina mipaka yake. "Men", "women" na "children" ni wingi usio na "-s", kwa hiyo tunasema "the children play" bila "-s" popote. "Bus" ina "s" yake ya kuzaliwa, nayo haihesabiwi: "The bus stops." Tena "-s" ya nomino inayokuja baada ya kitenzi haihusiki hata kidogo. Katika "The woman sells eggs", mayai ni mengi, lakini anayeuza ni mmoja, na kitenzi kinamtii anayeuza.

Tahajia hubadilika kidogo. Vitenzi vinavyoishia kwa "s", "sh", "ch", "x", "z" na "o" huongezwa "-es": "crosses", "washes", "watches", "goes". Penye "y" iliyotanguliwa na konsonanti, "y" hugeuka kuwa "-ies": "carry" huwa "carries". Penye irabu kabla ya "y", hakuna kinachogeuka: "plays", "buys". "Have" huwa "has".

Kuna pia suala la sikio. Silabi nyingi za Kiswahili na za lugha za Kiluhya huishia kwa irabu, na konsonanti mbili zikibanana mwishoni mwa neno, kama katika "stops", "helps" na "asks", ulimi huelekea kuimeza ya mwisho. Mtoto hawezi kuandika sauti asiyoisikia. Mzazi anaposoma naye, na aitamke "-s" hiyo kwa uwazi hata ikisikika kama mzaha.

Vitenzi vyenye tabia zao

"Be" ndicho kitenzi cha Kiingereza kilichohifadhi upatanisho mwingi zaidi: "I am", "he is", "they are", na wakati uliopita "I was", "he was", "they were". Vitenzi vingine vyote havibadiliki katika wakati uliopita. "The lorry crossed" na "the lorries crossed" ni sawa, jambo linalowapa watoto nafuu.

"You" huwashangaza wengi. Mbona mtoto mmoja anaambiwa "you are" na "you were" kana kwamba ni kundi? Ni kwa sababu "you" ilikuwa nafsi ya pili wingi. Umoja ulikuwa "thou", nao ukapotea katika usemi wa kawaida. Ni kana kwamba Waswahili wangeacha kabisa kusema "wewe u" na kumwambia kila mtu "ninyi m". Mtoto akielezwa hivyo, hukumbuka.

"Do" nacho ni mnyang'anyi. Kikiingia katika sentensi ya kukanusha au ya kuuliza, huichukua "-s" na kuacha kitenzi kikuu kikiwa kitupu: "The driver sleeps", lakini "The driver does not sleep" na "Does the driver sleep?" Kosa la "does not sleeps" limejaa katika madaftari, nalo linafutika kwa kanuni ile ile ya "-s" moja. Vitenzi visaidizi kama "can", "must" na "will" havitaki "-s" wala havimwachii mwenzake: "She can swim."

Kipimo cha Kiswahili

Sasa tufikie pale mzazi anapoweza kusaidia zaidi ya anavyotarajia. Sentensi zinazowakosesha watoto alama mara nyingi ni zile ambazo kiima kimetengwa na kitenzi chake kwa maneno mengine. Chukua hii: "The driver of the lorries ... asleep." Mtoto anaona "lorries" ikiwa jirani na pengo, anaandika "are".

Mwambie aisome kwa Kiswahili. Dereva wa malori amelala, au yamelala? Hata mtoto wa Gredi ya Tatu atacheka. Malori hayalali usingizi, ni dereva. Kiambishi a- kimemwonyesha kiima cha kweli, na jibu ni "is".

Kipimo hicho hufanya kazi katika mifano mingi. "One of the girls is absent": mmoja wa wasichana hayupo, wala si hawapo. "Every child has a book": kila mtoto ana kitabu, si wana. "Everybody knows": kila mtu anajua. "My mother and my father are traders": mama na baba ni wawili, wanafanya biashara. Hata pale nomino isipobadilika, Kiswahili kimekwisha kumzoesha mtoto. Ng'ombe anakula, ng'ombe wanakula. Hesabu imo katika kitenzi peke yake. Ndivyo ilivyo kwa kondoo wa Kiingereza: "The sheep eats", "The sheep eat".

Kwa kweli kuna mahali ambapo Kiingereza ni chepesi kuliko Kiswahili. Kiti na meza vikivunjika kwa pamoja, msemaji wa Kiswahili husita kidogo kabla ya kuchagua "vimevunjika". Mwingereza husema "are broken" na kuendelea na safari.

Pale Kiswahili kinapopotosha

Lakini kipimo hiki si cha kuaminiwa kwa upofu, na mzazi asiyejua kinapokosea atampotosha mtoto kwa nia njema. Tatizo ni kwamba lugha mbili hizi hazihesabu vitu kwa namna moja.

Tuanze na vimiminika. Maji yamemwagika, maziwa yameharibika, mafuta yamepanda bei. Ngeli ya YA-YA husikika kama wingi, na mtoto huandika "the water are". Kiingereza huyahesabu yote kama kitu kimoja: "The water is", "The milk is", "The fuel is". Mahindi nayo, ambayo kila msimu huvushwa kwa magunia kutoka Uganda, ni "yamekauka" kwetu na "The maize is dry" kwao. Cha ajabu ni kwamba maharagwe yaliyo kwenye lori lilo hilo ni wingi: "The beans are dry." Hakuna mantiki ya kutafuta hapa, ni kukariri.

Nywele ni nyingi kichwani mwa Mswahili: "nywele zake ni ndefu". Kwa Kiingereza, "Her hair is long". Habari zimefika, lakini "The news has arrived", ingawa "news" ina "s" mwishoni. "Mathematics" vivyo hivyo: "Mathematics is hard." Mizigo imefika, hata kama ni magunia hamsini, ni "The luggage has arrived". Samani zimeuzwa, "The furniture has been sold". Pesa zimekwisha, "The money is finished". Na ukimhesabia mbadilishaji fedha wa mpakani noti zako, shilingi mia mbili zinatosha, ila kwa Kiingereza kiasi hicho ni fungu moja: "Two hundred shillings is enough."

Upande wa pili kuna vitu ambavyo kwetu ni kimoja na kwao ni viwili. Suruali imechanika: "The trousers are torn." Mkasi umepotea: "The scissors are lost." Vitu hivi vina miguu miwili au makali mawili, na Kiingereza hukataa kusahau jambo hilo. Polisi nao, ambao katika Kiswahili huweza kuwa mmoja au wengi, kwa Kiingereza ni wengi daima: "The police are here." Ukitaka mmoja, sema "a policeman" au "a police officer".

Kuna mtego mmoja mdogo unaonasa wengi kuliko hiyo yote. Kiswahili husema "kuna lori" na "kuna malori" bila kubadili chochote. Kiingereza hubadilisha: "There is a lorry", "There are many lorries". Kwa vile "kuna" haina hesabu, kipimo chetu hakina la kusema. Mtoto afundishwe kuruka mbele, aitazame nomino inayofuata, kisha arudi kujaza pengo.

Kuhusu majina ya makundi kama "team", Waingereza hukubali "the team is" na "the team are", Wamarekani kwa kawaida hushikilia "is". Mwanafunzi afuate kitabu cha shule yake. Penye "either ... or", kitenzi humtii aliye karibu naye zaidi: "Either the driver or his assistants are lying."

Ni somo linalochelewa

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Roger Brown wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu kuhusu watoto watatu wa Kimarekani aliofuatilia jinsi walivyojifunza kusema. Kiingereza kilikuwa lugha yao ya kwanza. "-s" ya wingi waliipata mapema. "-s" ya kitenzi ilikuja baadaye sana, baada ya maneno kama "a" na "the", na hata baada ya viishio vya wakati uliopita. Watafiti Heidi Dulay na Marina Burt, walipowachunguza watoto waliojifunza Kiingereza kama lugha ya pili katika miaka ya 1970, waliikuta "-s" hiyo ikichelewa vilevile.

Tena kuna Waingereza wasioitumia kabisa. Katika lahaja ya jadi ya Anglia Mashariki, eneo la Norfolk na Suffolk, wazee husema "he go" na "she say" bila haya. Mtoto wa Amagoro anayesema hivyo hajaonyesha upungufu wa akili. Amekosa kanuni ya Kiingereza sanifu, na mtihani unadai Kiingereza sanifu.

Katika KCPE, iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, karatasi ya insha ya Kiingereza ilikuwa na alama 40, na makosa ya upatanisho yalizipunguza kimyakimya. Mfumo wa umilisi uliochukua nafasi yake hupima pia kwa kazi za darasani, jambo linalomfanya mzazi wa nyumbani kuwa na nafasi kubwa kuliko zamani.

Zoezi linalofaa kuliko kujaza mapengo ni simulizi fupi za kila jioni. Mwambie mtoto aeleze kwa Kiingereza anachofanya mama yake kila asubuhi, kisha wanachofanya jirani zake. "She wakes up, she lights the fire, she opens the kiosk." Halafu: "They wake up, they light the fire." Usimkatize kwa kila kosa. Akisema "she open", mjibu tu kwa mshangao wa kawaida: "Oh, she opens the kiosk?" Atajirekebisha, kama si leo basi baada ya wiki kadhaa.

Kwa wale watakaopenda kujipima na watoto wao jioni ya leo, hizi ni sentensi sita. "The lorries ... at the border every night," kwa kitenzi "wait". "The owner of the motorcycles ... in Nambale," kwa kitenzi "live". "The maize ... wet," kwa "be". "There ... two bridges," kwa "be". "He does not ... fish," kwa "sell". "Each of the boys ... a bicycle," kwa "have".

Majibu ni "wait", "lives", "is", "are", "sell" na "has". La pili na la mwisho ndiyo yatakayoleta ubishi nyumbani. Kabla ya kumwendea mwalimu, yasomeni yote mawili kwa Kiswahili: mwenye pikipiki anaishi Nambale, na kila mmoja wa wavulana ana baiskeli.